Kusubu chubwi na risasi za nyavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tundu, kamba na uzito

Maswali haya yanawahusu wavuvi wa mshipi na wa nyavu wa Lamu na Malindi wanaosubu risasi zao wenyewe, na mafundi wanaowasubia. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu, yaani chombo kinachoyapa umbo; chubwi ni kizito cha mshipi. Risasi tunayoizungumzia hapa ni madini yenyewe, na vizito vya wavu vinavyotokana nayo. Ile ya bunduki ina swali lake karibu na mwisho. Kipimo cha unene au urefu kisichotajwa jina ni cha milimita, na cha uzito ni cha gramu. Kama hujawahi kuyeyusha risasi, soma kwanza majibu ya betri, maji na sumu kabla hujawasha jiko.

Nianze na uzito au na tundu?

Na tundu. Uzito ukikosea kwa gramu kumi, bahari haitajua. Tundu likikosea kwa milimita moja, kamba itakwambia.

Tundu likiwa jembamba, kamba haipiti, au inapita kwa kulazimishwa na nyuzi zake zinachunika. Likiwa pana, mchanga unaingia kati ya risasi na kamba, na kila wimbi linausugua hapo hapo. Baada ya msimu mmoja kamba imelika mahali usipopaona, ndani ya risasi, na siku ikikatika utalaumu kamba. Zaidi ya hayo, risasi zenye tundu pana huteleza na kurundikana upande mmoja. Wavu unainuka katikati, samaki wanapita chini yake, na wewe juu unashangaa kwa nini wenzako wamepata.

Kwa hiyo: risasi ya wavu inayopenyezwa kamba, tundu lake lizidi kamba kwa nusu milimita hadi milimita moja. Kamba ya 6, tundu la 6.5 hadi 7. Risasi ya bamba inayokunjwa na kubanwa, tundu liwe sawa na kamba, au pungufu kidogo ili iume. Chubwi inayoteleza kwenye mshipi ni habari nyingine: mshipi unatakiwa ukimbie bila kukwama samaki anapovuta, hivyo tundu liwe mara mbili hadi tatu ya unene wa mshipi. Mshipi wa 0.8 unataka tundu la milimita 2 hivi. Hapo mpaka wako ni shanga au fundo linaloizuia chubwi isishuke hadi kwenye ndoana. Tundu lisipite ukubwa wa shanga.

Nitapimaje unene wa kamba bila kipimo cha fundi chuma?

Chukua msumari mnene, uzungushie kamba mara 10, mizunguko ikigusana bila kupandana na bila kuvutwa mpaka ikanyooka. Pima kwa rula urefu wa mizunguko yote kumi, ugawe kwa 10. Ukipata milimita 64, kamba yako ni ya 6.4, hata kama dukani wameandika 6. Kwa mshipi mwembamba zungusha mara 20, maana kosa la jicho ni lile lile lakini linagawanywa kwa ishirini.

Kamba ya nailoni iloweke usiku kucha kabla ya kuipima. Ikishiba maji inafupika na kunenepa, na ukubwa wa kufanyia kazi ni ule wa majini, si wa dukani. Kamba ya polipropilini hainywi maji, ipime kavu. Ila kumbuka kuwa polipropilini huelea na nailoni huzama: ukibadilisha kamba ya chini ya wavu kutoka nailoni kwenda polipropilini bila kuongeza risasi, wavu ule ule utakaa mwepesi.

Msumari wa kutoboa tundu ndani ya kalibu uwe wa ukubwa gani?

Uwe wa ukubwa wa tundu unalolitaka, lakini uliochongwa kwa tupa ukawa mwembamba kidogo upande mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni hii: risasi ikipoa kutoka kuganda hadi joto la kawaida husinyaa karibu asilimia 1, na chuma cha msumari husinyaa chini ya nusu ya hapo. Matokeo yake risasi inaukumbatia msumari. Msumari ulionyooka wa milimita 7 utaupiga nyundo mpaka uharibu chubwi. Ukiwa na tofauti ya milimita 0.3 hivi kati ya ncha na ncha, unatoka kwa kuuzungusha mara moja kwa koleo.

Upake msumari masizi ya mshumaa au ya koroboi kabla ya kila mmimino. Usiupake mafuta: mafuta yanachemka risasi inapoyagusa na kuacha vijishimo ndani ya tundu, na kila kijishimo ni kisu kwa mshipi. Uvute msumari chubwi ingali ya moto, pale tu inapokuwa imeganda. Kisha pitisha kwenye mdomo wa tundu, pande zote mbili, ncha ya msumari mnene zaidi kwa kuuzungusha kwa mkono, ili ule ukingo mkali ulale. Kazi ya sekunde tano. Wanaoiruka ndio wanaorudi na mshipi uliokatika juu kidogo ya chubwi.

Nitajuaje kalibu itatoa uzito gani kabla sijamimina?

Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa. Jaza kalibu maji mpaka mdomoni, msumari wake ukiwemo, ukihesabu mililita. Zidisha kwa 11. Kalibu ya mililita 5 itatoa chubwi ya gramu 55 hivi, ya mililita 9 itatoa gramu 99. Hesabu kamili ya risasi ngumu ni gramu 11.34 kwa kila mililita, lakini ikiwa maji maji ni nyepesi zaidi, karibu 10.7, na kwa kuwa husinyaa inapoganda, 11 ndiyo namba inayokubaliana na mizani.

Kisha kaushe hiyo kalibu. Si kuifuta kwa kitambaa: jua siku nzima, halafu pembeni ya jiko mpaka usiweze kuishika.

Kwa anayechonga kalibu mpya, duara la kipenyo cha milimita 15 hutoa gramu 20. La 20 hutoa 47. La 25 hutoa 93. La 30 hutoa 160. Angalia jinsi uzito unavyoruka: kutoka 20 hadi 25 ni milimita tano tu, na uzito umekaribia kuwa maradufu. Kwa risasi ya wavu yenye umbo la bomba, mfano mmoja unatosha: unene wa nje 16, tundu 7, urefu 30, utapata gramu 55.

Kama unakata bamba badala ya kusubu, upana wa kipande ni 3.14 mara jumla ya unene wa kamba na unene wa bamba. Kamba ya 6 na bamba la 3 ni 9, mara 3.14, ni milimita 28. Kipande cha 28 kwa 50 kitakuwa na gramu 48. Wengi husahau kuongeza unene wa bamba, wakakata 19, na risasi ikabaki na mdomo wazi kama jozi ya chaza.

Mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, unataka chubwi ya uzito gani?

Ndogo kabisa inayokaa chini. Chubwi nzito kupita kiasi inakuficha samaki: anayeonja chambo humsikii, unamsikia aliyekwisha kumeza, au humsikii kabisa.

Pa kuanzia, kwa mshipi wa 0.7 hadi 0.9: mwambani, kina cha mita 10 hadi 20, maji mafu (mkondo ukiwa mdogo), gramu 60 hadi 120 zinatosha kwa changu na tewa. Kina cha mita 60 na kuendelea, andaa nusu kilo hadi kilo moja. Katika mlango wa Lamu, kati ya Shela na Manda, siku za bamvua hata gramu 300 zinaweza kuburutwa katikati ya saa za mkondo. Sababu ni kwamba nguvu ya maji hupanda kwa mraba: mkondo ukiwa wa kasi mara mbili, unasukuma mara nne. Huwezi kushindana nao kwa kuongeza risasi kila dakika.

Kuna njia mbili za akili. Ya kwanza ni saa. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, karibu nusu ya maji yote hupita saa ya tatu na ya nne. Vua saa ya kwanza, ya pili, ya tano na ya mwisho kwa chubwi nyepesi, na zile mbili za katikati kunywa chai. Ya pili ni mshipi wenyewe: maji yanausukuma mshipi mrefu kuliko yanavyoisukuma chubwi. Ukipunguza unene wa mshipi kwa nusu, umepunguza msukumo wake kwa nusu, na chubwi ya gramu 150 inafanya kazi ya 300.

Umbo nalo lina neno. Kwenye mchanga na tope, kama kule Mambrui na Ngomeni ambako Mto Sabaki unamwaga matope yake, chubwi bapa au ya pembe nne hukaa pale pale. Mwambani tumia ndefu nyembamba, yenye umbo la kidole, ambayo hupenya na kutoka. Ya duara hubingirika mpaka ipate tundu la mwamba, ikalala humo.

Wavu wa kutega chini unahitaji risasi kiasi gani?

Inategemea maboya, kwa hiyo pima boya kwanza. Lifunge kwa uzi, lizamishe kwenye ndoo ya maji ya bahari, uongeze vipande vya risasi mpaka lizame taratibu. Vipime vile vipande: hiyo ndiyo nguvu ya boya lako. Jumlisha maboya yote, kisha weka risasi angalau mara mbili ya hapo. Mahali pa mkondo mkali tunapendelea mara tatu.

Mfano: maboya 40, kila moja lenye nguvu ya gramu 60, ni gramu 2,400. Risasi iwe kilo 5 hadi 7. Kwa risasi za gramu 50, hizo ni 100 hadi 140, zigawe sawasawa kwa urefu wa kamba. Ni heri risasi ndogo nyingi kuliko kubwa chache, kwa sababu kati ya risasi kubwa mbili kamba inapinda juu na kuacha mlango.

Kimia, ule wavu wa kurusha, kinataka risasi ndogo zilizokaribiana zaidi. Kimia cha nusu kipenyo cha mita 2.5 kina mzunguko wa mita 15.7; risasi ya gramu 12 kila sentimita 6 ni vipande 262, jumla kilo 3.1. Kikiwa chepesi kuliko hapo, samaki wanatoka chini kabla kimia hakijafunga. Kabla ya kushona wavu wowote mpya, uliza ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) ya bandari yako ni tundu la ukubwa gani na aina gani ya wavu inaruhusiwa. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi, iliyoko tangu 1968, uvuvi hauruhusiwi kabisa.

Risasi nzuri naipata wapi, na nitaitambuaje?

Mabomba ya zamani, bamba za kuezekea, vizito vya wapiga mbizi, na vizito vinavyopigwa kwenye rimu za magari. Nunua kwa mwenye leseni ya vyuma chakavu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka awe nayo, na risasi iliyochunwa kwenye nyaya za wizi itakuletea kesi isiyo yako.

Risasi laini unaikwaruza kwa ukucha, inapinda bila sauti, ikianguka sakafuni inafanya *pu*, na ukiikata ukaisugua kwenye karatasi inaandika kama penseli. Iliyochanganywa na antimoni, kama ya magurudumu, ni ngumu zaidi na inatoa mlio. Hiyo ni nzuri kwa chubwi za mwambani kwa sababu haichakai upesi, lakini usiitumie kwa bamba la kukunja: inapasuka mgongoni.

Adui ni zinki. Vizito vingi vya magurudumu siku hizi ni vya zinki au chuma, vingine vimepigwa muhuri Zn au Fe. Chuma hakina tabu, kinaelea juu ya risasi iliyoyeyuka, unakiondoa. Zinki huyeyuka nyuzi 419 za Selsiasi, risasi nyuzi 327. Ukiweka joto chini ya 400, zinki nayo itaelea ikiwa ngumu, uiondoe. Ukizidisha moto, inaingia ndani, na sufuria nzima inakuwa kama uji wa mtama: haimiminiki vizuri, haijazi pembe za kalibu. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Isubu vipande vinene vya nanga na uanze upya.

Je, betri ya gari?

Hapana. Ndani ya betri si risasi tupu; ni unga wa oksidi na salfeti uliolowa asidi, na sahani zake zinaweza kuwa na antimoni na aseniki ambazo hutoa gesi ya sumu. Unga wenyewe hupeperuka, ukakaa uani, kwenye nguo, kwenye vyombo. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri kuukuu iuze ilivyo, nzima.

Nipe hatua za kuyeyusha na kumimina.

Mahali kwanza. Nje, penye upepo unaokupiga ubavuni, mbali na paa la makuti. Katika mji wa Lamu hilo si dogo: kichochoro hakifai, ua wa ndani haufai, na juu ya dari hakufai. Teremka ufukweni au nenda shambani. Watoto na mama mjamzito wasiwepo kabisa. Vaa viatu vya kufunika, suruali ndefu iliyoteremka juu ya viatu (si ndani yake), glavu za ngozi na miwani. Kikoi na kandambili ni vya kupumzikia.

Chombo ni sufuria ndogo ya chuma cha kusubu au ya chuma kizito. Alumini hapana, ikishika moto inalainika na kitako kinaweza kuachia. Mkebe wa maziwa hapana, mishono yake inaweza kuachia. Na sufuria hiyo isirudi jikoni milele, pamoja na upawa wake.

Usiweke zaidi ya kilo 3. Kilo 3 za risasi haziwezi hata kujaza chupa ya soda ya mililita 300, kwa hiyo usidanganyike na udogo wake, ukiinua utajua. Weka vipande vyote tangu sufuria ikiwa baridi, ili unyevu utoke pole pole.

Vikishayeyuka, tupia kipande cha nta au cha mshumaa ukubwa wa harage. Kitatoa moshi na kuwaka, simama upande. Koroga kwa kijiti kikavu, uchafu utapanda juu. Mavi hayo ya risasi, yale ya kijivu, yaondoe kwa kijiko cha chuma uyatie mkebeni wenye kifuniko.

Joto la kazi ni nyuzi 350 hadi 400. Asiye na kipimo aangalie uso wa risasi baada ya kuusafisha: ukibaki unang'aa kama kioo kwa muda, ni sawa. Ukipiga rangi ya zambarau na buluu papo hapo, moto umezidi, punguza makaa.

Pasha kalibu. Ipake masizi kwa ndani. Iweke juu ya sinia la mchanga mkavu. Mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita, na juu acha kinundu kidogo: chubwi inaposinyaa hunywa risasi kutoka pale. Kinundu kikipoteza mng'aro, hesabu hadi ishirini polepole, fungua, toa msumari, kata kinundu ukirudishe sufuriani kingali kikavu. Mbili tatu za mwanzo zitatoka mbaya kwa sababu kalibu bado haijapata joto. Zirudishe, usizione uchungu.

Kwa nini mnasisitiza maji mno?

Kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700. Tone lililonaswa chini ya risasi iliyoyeyuka halina pa kutokea ila juu, nalo linaondoka na risasi. Inaruka usoni.

Mahali ambapo maji hujificha pwani ni hapa: ndani ya matundu ya chubwi kuukuu zilizotoka baharini; ndani ya kalibu ya plasta iliyokaushwa juu juu; ndani ya jiwe la matumbawe, ambalo watu hulichonga kalibu kwa kuwa ni laini, lakini lina vitundu kama sifongo; na katika mchanga wa ufukweni, ambao chumvi yake inanyonya unyevu wa hewa hata ukiuona mkavu. Mchanga uoshe kwa maji ya kisima, uukaange. Plasta ikae juani siku kadhaa, halafu saa mbili tatu pembeni ya moto mdogo. Kalibu bora ni ya chuma au ya alumini iliyochongwa na fundi, nusu mbili zenye vishikizo. Ya mbao ngumu inafaa kwa vipande ishirini hivi kabla haijaungua kingo.

Ukitaka kuongeza kipande ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka, kwanza kiweke ukingoni mwa jiko dakika kumi. Kisha kiteremshe kwa koleo, usikitupe.

Chubwi zangu zinatoka na kasoro. Nini kimeharibika?

Mikunjo kama ngozi ya mzee: kalibu au risasi ni baridi. Uso wenye ukungu mweupe kama umemwagiwa unga: moto umezidi, pumzika kidogo kati ya mimino. Shimo juu: hukuacha kinundu, au ulimimina ukasita katikati. Vitundu ubavuni: unyevu au mafuta. Pezi jembamba kwenye ungio la kalibu: nusu mbili hazikubanwa, likate kwa kisu, usilipige tupa, kwa sababu tupa inatoa vumbi.

Tundu kutoka nje ya katikati ndilo linalosumbua zaidi na ndilo linalopuuzwa zaidi. Msumari umeshikwa upande mmoja tu, risasi ikiingia inausukuma. Chonga kitako cha kuupokea upande wa pili pia. Chubwi ya upande mmoja mzito huzunguka ikishuka na kusokota mshipi wote, na kwenye bomba la wavu ukuta mwembamba hupasuka ikigonga mwamba mara ya kwanza.

Kitanzi cha waya kuchomoka: waya ulinyooka ndani. Pinda miguu yake miwili kama ndoana kabla ya kumimina. Tumia shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, cha milimita 2. Waya wa kufungia nondo utaliwa na chumvi mapema.

Sumu yake ni ya kweli, au ni maneno ya wataalamu?

Ni ya kweli, na haina haraka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, akili yake inadumaa bila yeye kulia. Mtu mzima huanza na tumbo kukakamaa na kufunga choo, uchovu, damu kupungua.

Ukiwa chini ya nyuzi 400, tatizo kubwa si moshi. Ni vumbi la mavi ya risasi na mikono yako. Kwa hiyo usile, usivute sigara, na usitafune miraa wakati wa kazi. Jani linatoka mkononi moja kwa moja mdomoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula, badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto, zioshe peke yake. Chubwi ndogo usizibane kwa meno. Kila mtu anafanya, na kila mtu aache. Kunywa maziwa hakukingi. Anayesubu mara kwa mara apime damu, aseme waziwazi hospitalini kwamba anafanya kazi na risasi, la sivyo hawatapima risasi iliyomo damuni.

Mkebe wa mavi ya risasi usiumwage baharini wala kisimani. Muuzie mwenye vyuma chakavu. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi za chini ya gramu 28.35 tangu 1987, kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakizimeza.

Naweza kutumia nondo au saruji badala yake?

Ndiyo, na kwa mwambani tunakushauri. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo sentimita 11 ni gramu 100. Ya 16 ina kilo 1.58 kwa mita. Hesabu tu kilichobaki majini: gramu 100 za risasi zinabaki na gramu 91 ndani ya maji ya bahari, za chuma 87, za saruji 56 hivi. Chuma basi kiko karibu sana na risasi. Saruji ni kubwa na nyepesi, inafaa kwa nanga ya mtego kuliko mshipi.

Na kama chubwi inanasa kila siku, usiifunge kwenye mshipi wako mkuu. Ifunge kwa uzi dhaifu, nusu ya nguvu ya mshipi, urefu wa kiganja. Ikinasa, uzi unakatika, unapoteza kipande cha nondo cha shilingi chache na kurudi na ndoana na samaki.

Ujuzi huu si ndio ule wa risasi za bunduki?

Madini ni yale yale, sheria ni nyingine. Kutengeneza risasi za silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na hatujibu maswali ya namna hiyo.

Jambo moja la msafiri, ambalo si la mzaha sana: barabara ya Malindi kwenda Lamu ina vizuizi vya polisi, na neno risasi lina maana mbili. Ukiulizwa kuna nini kwenye mfuko mzito, sema chubwi za kuvulia, ufungue uonyeshe. Zifunge juu juu, na ziwe zimekwisha kusubiwa na zina vitanzi. Donge tupu la madini linahitaji maelezo marefu zaidi.

Zitunzwe vipi?

Zioshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, zikauke, ziwe kwenye chombo chao chenye kifuniko, mbali na chambo na chakula cha mashuani. Ule utando mweupe unaotokea usiukwangue. Kila mwanzo wa kaskazi vuta kamba ya chini ya wavu, sogeza kila risasi sentimita moja, utazame kamba iliyokuwa ndani yake. Penye manyoya, kata na uunge.